Nilivyoiwekea ulinzi waifai ya nyumbani kwetu Igogo

Huku Igogo, Mwanza, tumejenga mlimani, nyumba ya huyu juu ya paa la yule, mawe katikati. Kabla sijagusa ruta, kile kifaa kinachorusha waifai, nilishika simu nikateremka ngazi huku nikitazama alama ya waifai. Nyuma ya jabali ilikatika palepale, ila upande ulio wazi niliendelea kuipata hadi karibu na barabara ya lami. Kwa hiyo mtu aliyeegesha pikipiki pale chini, asiyenijua wala kunisalimia, anaweza kuyanasa mawimbi yangu.

Na kunasa tu kunamtosha. Kwenye WPA2, aina ya ulinzi wa waifai, simu inapojiunga na ruta, viwili hivyo hupeana kwanza jumbe 4 za kutambuana. Mvamizi akizidaka, anaondoka nazo. Akiwa kwake Nyakato, kompyuta yake itakisia neno la siri usiku kucha, na ruta yako haitajua kinachoendelea, sembuse kumfungia.

Ndiyo maana napinga kabisa kutumia namba ya simu kama neno la siri. Namba zetu zina tarakimu 10 na huanza na 06 au 07. Zinazobaki ni 8, yaani namba milioni 100 kwa kila mwanzo. Ni nyingi kwa binadamu, lakini kompyuta yenye kadi nzuri ya picha (GPU), inayokokotoa kwa kasi, haihitaji hata saa moja kuzimaliza. Mimi nilichukua maneno matano yasiyohusiana, mengine ya Kiswahili, mengine ya Kisukuma, nikayaunganisha. Nyumbani wote wameyashika kichwani.

Nikazima WPS, ile njia ya kuunganisha kwa kitufe au kwa PIN ya tarakimu 8. Mwaka 2011 Stefan Viehböck alionyesha kuwa ruta huikagua PIN hiyo nusu kwa nusu, hivyo majaribio 11,000 yanatosha kuipata. Nikabadili pia neno la kuingilia kwenye mipangilio ya ruta, nikasasisha programu yake, nikapunguza nguvu ya mawimbi. Jina la mtandao sikulificha, kwa sababu simu zenyewe hulitaja zinapoutafuta.

Lililonifikirisha zaidi ni ujirani. Huku mlimani tunapeana maji, chumvi, hata chaja. Jirani akibisha hodi, "Baba Kulwa, shikamoo, kijana anaomba waifai afanye kazi ya shule," nitamnyimaje? Lakini mke wangu ni wakala wa kutuma na kutoa pesa, na hesabu zake zimo kwenye kompyuta ya nyumbani. Nikafungua mtandao wa wageni, wenye jina lake na neno lake la siri. Anayeingia humo anapata intaneti tu, kompyuta yetu na printa havioni. Neno la wageni nalibadili kila mwezi, na anayelihitaji anakuja kibarazani tunampa.

Limebaki jambo moja. Ruta yangu ina WPA3, ulinzi mpya kuliko WPA2, ambayo haimwachi mvamizi aende kukisia nyumbani kwake, lakini simu ya zamani ya mama haiikubali. Kwa sasa nimeweka WPA2 na WPA3 kwa pamoja. Mama akipata simu nyingine, WPA2 naizima siku hiyohiyo.