Siku moja maishani mwangu: nafukuzana na naitrojeni ardhini

Saa 12 na nusu asubuhi nishafika viwanjani, na kitu cha kwanza ni mita za gesi. Viwanja vyetu ni vya utafiti, tunataka kuona mimea na udongo vinafanyaje kaboni ikizidi hewani. Ni vya duara vimezungushiwa mabomba, vingine vinapuliziwa kaboni dayoksaidi mpaka ifike kama sehemu 550 kwa kila sehemu milioni za hewa, vingine tunaviacha na hewa ya kawaida. Ila hiyo ya kawaida yenyewe imeshavuka 420 wakati kabla ya viwanda ilikuwa kama 280, na kila nikisoma mita hilo linaniuma.

Saa 2, udongo. Nazamisha bomba la chuma, natoa, natia kwenye mfuko, naandika namba, nahamia kingine. Kwenye vile vya gesi mizizi mara nyingi ni mingi zaidi, na hapo ndo ilipo kazi yangu yote, maana mmea ukipata kaboni nyingi unatengeneza sukari nyingi na unataka kukua, lakini protini haijengwi kwa sukari peke yake, lazima naitrojeni iwepo. Hewa ni asilimia 78 naitrojeni, sawa, ila atomu zake zimeshikana mbili mbili kwa nguvu sana, mmea wenyewe hauwezi kuzitenganisha (mikunde inasaidiwa na bakteria wa kwenye vifundo vya mizizi), kwa hiyo mingi inabaki kuitafuta ardhini.

Saa 4 nafunika ardhi kwa chemba (kama sanduku lililofunikwa kifudifudi), navuta hewa na sirinji, najaza vichupa. Natafuta naitrasi oksaidi, gesi yenye naitrojeni inayotoka udongoni. Jamani hii gesi tusiisahau, kilo moja yake kwa miaka 100 inapasha dunia joto mara 270 hivi kuliko kilo ya kaboni dayoksaidi! Kaboni ikizidi hewani majani yanabana vitundu vyake, mmea unatumia maji kidogo, udongo unakaa na unyevu, oksijeni inapungua humo ndani, na bakteria wanaogeuza naitreti (naitrojeni ya udongoni ambayo mmea unaweza kuitumia) kuwa gesi hiyo wanapata nafasi, tena wanalishwa na sukari inayotoka kwenye mizizi.

Saa 7 maabara. Nachekecha udongo, naweka kwenye maji yenye chumvi ya potasiamu kloraidi, mashine inatikisa saa nzima, nachuja, halafu nasoma amoniamu (nayo ni naitrojeni ambayo mmea unaweza kuitumia) na naitreti kwa rangi. Hapa ndo patamu. Sukari ya mizizi inawaamsha vijidudu, wanazaliana, na kwa sababu na wao wanahitaji naitrojeni wanaiwahi kabla ya mmea. Halafu majani yanayodondoka huwa na naitrojeni kidogo, nyingine inafungwa kwenye mbao na mboji miaka na miaka, ile ya kutumika inazidi kupungua. Kule Oak Ridge, Tennessee, Marekani, kwenye jaribio kama letu, miti iliyopewa gesi ilikua kwa kasi mwanzoni, baadaye ile kasi ya ziada ikashuka sana kwa njaa ya naitrojeni. Lakini kwenye jaribio jingine, msitu wa misonobari wa Chuo Kikuu cha Duke, North Carolina, uliendelea kukua vizuri kwa miaka, mizizi na kuvu wake wakawa wanalazimisha mboji ya zamani iachie naitrojeni. Majaribio yote mawili yalianza miaka ya 1990, gesi ileile, majibu tofauti. Mimi naamini swali kubwa ni udongo gani na kuvu gani, na anayepiga hesabu kwamba misitu itatunyonyea kaboni bila kuweka naitrojeni kwenye hesabu anajipa matumaini ambayo ardhi haijayaahidi.

Saa 10 nasaga majani makavu kwa ajili ya kipimo. Ngano na mpunga vikikuzwa kwenye kaboni nyingi protini ya punje inashuka, zinki na chuma pia, na hii inanitia hofu kuliko yote kwa sababu gunia linaweza kujaa vilevile na mlaji asijue kilichopungua.

Saa 11 na nusu nafunga udongo uliobaki kwenye chupa na kuuweka kwenye kabati la joto. Baada ya wiki kadhaa nitapima tena amoniamu na naitreti, tofauti yake na namba za leo ndo itaniambia vijidudu wameachia kiasi gani na wameshikilia kiasi gani.