Boda isiyo na madigadi

Nikishuka Kaabong, mji wa Karamoja, kaskazini-mashariki mwa Uganda, kabla sijauliza nauli, natazama gurudumu la mbele la kila boda iliyopangwa pale stejini. Ambayo madigadi yake ya mbele bado ipo, naipita. Mwenyewe ataniita, "Mama, twende, hii mpya!" na kweli ni mpya, inang'aa. Mimi namwendea yule ambaye gurudumu lake liko uchi na shati lake lina matope mpaka kifuani. Huyo ameshafika Karenga wakati wa mvua.

Sehemu kubwa ya Karamoja udongo ni mweusi. Kiangazi unapasuka nyufa za kuingiza mkono. Mvua ikinyesha unavimba na kunata kama ugali uliozidiwa maji. Tairi linaubeba, unajaa kati yake na madigadi, na baada ya hatua chache gurudumu linagoma kuzunguka. Hapo ni kuchokonoa kwa kijiti, unapanda, unakwama, unachokonoa tena. Vijana wa huko wameona heri kula matope kuliko kulala njiani.

Mimi ni fundi wa pampu za sola, naishi Mbale, na mara tatu nne kwa mwaka naitwa huko juu kisima kikigoma. Hadi Moroto sina neno. Unapanda basi, mlima Kadam unapita dirishani, na kutoka Nakapiripirit kuna kilomita 92 za lami unazoweza kuzilala. Maneno yanaanza baada ya Moroto.

Bosi wangu anaamini gari kubwa. Mwaka juzi, Agosti, alinikodia moja la kusukumwa na magurudumu yote manne, na dereva wake kutoka Kampala, mtu mpole, shati jeupe limepigwa pasi. Mbele ya Kalapata tukafika kwenye mto wa mchanga, ile mito ambayo muda mwingi wa mwaka haina tone. Aliingia polepole kwa adabu, akasita katikati, na gari likajichimbia. Tukatoa jeki. Jeki ikazama. Dashibodi ikawaka taa ambazo yeye mwenyewe hakuzijua, na simu haikuwa na mtandao wa kumuuliza anayezijua.

Wakaja wachungaji watano. Waliweka fimbo chini, wakasukuma, wakacheka, wakasukuma tena. Lile dude halikutikisika hata kidogo. Kisha akaja mzee na kile kigoda chao cha mti, ekicholong, akakiweka kivulini, akakaa na kutuangalia kwa muda mrefu kabla ya kusema kitu.

"Mama, hii gari ni nzito sana."

"Ni nzito, mzee."

"Na mvua iko kule." Akaonyesha milima kwa kidevu.

Juu yetu mbingu ilikuwa kavu, hakuna wingu. Lakini mito ile haingoji mvua ya mahali ulipo. Inyeshe milimani tu, maji yatakukuta. Nikaanza kushusha vifaa vyangu bila kumngoja dereva. Giza likiingia ndipo lilipotokea lori, likatuvuta kwa waya. Usiku, tukiwa tumelala ng'ambo, tuliyasikia maji yakipita.

(Mzee yule alinisemesha Kiswahili, nami nilijisikia nyumbani. Changu ni cha kambini, baba alikuwa askari, na Mbale bado kuna wanaonicheka. Huko juu hakichekwi. Wanajeshi wa vizuizi vya barabarani wanakitumia, na wafugaji wengi wamekizoea kwa kununua na kuuza na Waturkana na Wapokot wa upande wa Kenya.)

Basi lori? Nalipenda lori. Unakaa juu ya magunia ya unga, kando ya kreti za soda na mbuzi wa mtu, na upepo wote ni wako. Lori ni zito kuliko lile gari la bosi mara nyingi, ila linatembea na watu wake wa kulikwamua. Likizama, abiria wote wanashuka bila kuambiwa. Wanaume wanakata matawi, sisi tunabeba mawe, utingo yuko chini na koleo anatukana tairi. Tatizo lake ni kwamba linaondoka likijaa. Niliwahi kulala Kotido siku mbili nikimngoja mwenye mali amalize kupakia, na Karenga watoto wanachota maji ya dimbwi. Siku hizi lori nalikabidhi paneli tu. Zinatangulia, mimi nafuata.

Nafuata kwa boda. Sisemi ni raha. Nimeanguka mara mbili, na mgongo wangu unajua kila jiwe la barabara ile. Pampu naiviringisha kwenye blanketi, inafungwa nyuma yangu kwa mpira wa tyubu. Vifaa vya umeme vinakaa ndani ya jerikeni lililokatwa ubavuni. Kijana wangu wa boda anabeba viraka, pampu ya upepo, spoki mbili, kebo ya klachi na chupa ya petroli. Sijawahi kuona kitu kikiharibika kwenye ile pikipiki asichoweza kukitengeneza akiwa amechuchumaa.

Mtoni anavua viatu, anatangulia kwa miguu na kijiti. Maji yakipita goti, tunakaa. Mara ya mwisho alikichomeka kijiti ukingoni, na kila maji yalipopungua akakisogeza mbele, nami nikamaliza karanga zote. Saa tisa hivi wakapita wachungaji wawili. Tukaishika wanne, tukazibia bomba la moshi kwa kitambaa, tukaivusha begani kama jeneza. Hiyo ndiyo hesabu yangu yote na bosi: gari lake watu watano lilitushinda, hii wanne wameibeba wakiongea habari za ng'ombe.

Usiku hatutembei, kwa chombo chochote. Wizi wa ng'ombe unawafanya watu wawe na wasiwasi jua likizama, na kizuizini watakurudisha. Kwa Waik, watu wa juu ya mlima Morungole, boda yenyewe inabaki chini na pampu inapanda kichwani mwa mtu. Wenye fedha wanaruka kutoka Entebbe kwa ndege ndogo, wanatua Apoka ndani ya hifadhi ya Kidepo, wanaona simba. Visima vyangu haviko upande huo.

Wiki hii nimeitwa tena. Paneli zimeondoka Alhamisi na lori. Jana nikampigia kijana kumwambia Jumapili niko Kaabong, akanijibu kwa furaha kwamba pikipiki ameipamba: kiti kipya, vioo viwili, na madigadi ya mbele, nyekundu. Nikampongeza. Kisha nikamwomba aje na spana namba kumi.