Mpini Ulipokuwa Mzito

Mwalimu wetu wa fizikia aliweka mezani koili ya waya wa shaba, galvanomita (kipimo cha mkondo wa umeme) na sumaku ya mche. Betri haikuwapo. Niliitafuta kwa macho hadi chini ya meza, maana akilini mwangu umeme bila betri haukuwezekana.

Akaiingiza sumaku ndani ya koili. Mshale wa galvanomita ukaruka kulia, ukarudi kwenye sifuri. Akaichomoa, ukaruka kushoto. Kisha akaiacha imelala humo ndani, akatutazama. Mshale haukutikisika.

"Mwalimu, tuweke yenye nguvu zaidi," mwenzangu akasema. Ikawekwa. Nayo ilipotulia, mshale ulitulia vilevile.

Ndipo akatusimulia habari za Jean-Daniel Colladon wa Geneva. Mwaka 1825 alifanya jaribio kama letu, lakini kwa kuhofia sumaku yake isiuvute mshale moja kwa moja, aliiweka galvanomita chumba kingine. Aliingiza sumaku, akatembea kwenda kutazama, akakuta sifuri. Miaka sita baadaye, mwaka 1831, Michael Faraday akaligundua jambo hilo huko London. Hadi leo namhurumia Colladon. Mkondo ulipita kwenye waya wake mwenyewe, ukaisha akiwa njiani.

Maana mkondo hauletwi na sumaku kuwapo, huletwa na badiliko. Mistari ya uga wa sumaku, yaani eneo la nguvu yake, inayopenya koili ikiongezeka au ikipungua, elektroni za kwenye waya husukumwa, isipobadilika, hazisukumwi. Badiliko likiwa la haraka, msukumo huwa mkubwa, na kila mzunguko wa waya huongeza wake. Hayo niliyaandika daftarini, nikayaelewa.

Lakini kilichonishika hasa ni dinamo ya mkono aliyoileta baadaye. Swichi ikiwa wazi, niliuzungusha mpini kwa urahisi kabisa. Alipoifunga na balbu ikawaka, mpini ukawa mzito ghafla, kana kwamba kuna mtu ameushika upande wa pili. Akaunganisha balbu nyingine sambamba na ile ya kwanza, ukazidi uzito.

"Mwalimu, nani anaushika?"

"Mkondo wenyewe," akajibu.

Akaeleza kanuni aliyoitoa Heinrich Lenz mwaka 1834: mkondo unaozaliwa katika koili hutengeneza uga wake, na uga huo hupinga badiliko lililouzaa. Ungelisaidia badala ya kulipinga, dinamo ingejiongezea kasi yenyewe na kutoa nishati isiyotoka popote. Mwanga ule ulikuwa ukitoka mkononi mwangu, nami nilikuwa naulipia kwa jasho. Sijawahi kukutana na sheria ya maumbile iliyonigusa mwili namna ile. Na mitambo mikubwa iko hivyohivyo: watu wakiwasha taa kwa wingi, jenereta huwa nzito kuzungusha, na maji au mvuke mwingi zaidi lazima upelekwe kwenye turbini ili kasi isishuke.

Sikutaka kuuachia mpini. Nikafumba macho, nikamwomba mwenzangu afungue na kufunga swichi apendavyo, nami nitaje kwa sauti kama balbu zinawaka au zimezima. Akajaribu kunivizia, akabadilisha mwendo, akakaa muda mrefu bila kugusa kitu. Kila mara mkono wangu ulijua.