Tulishuka Abbey Road Isiyo Yenyewe

Treni ilifunga milango, ikaenda zake, ikatuacha wawili tu jukwaani. Jina la kituo lilikuwa limeandikwa waziwazi: Abbey Road. Shemeji yangu akanyoosha koti, akanitazama kama mtu anayedai shukrani. "Si nilikwambia? London naijua nje ndani."

Nikaangalia huku na huku. Reli, uzio, nyumba za matofali. Hapakuwa na zebra ya kuvukia barabara, hapakuwa na ukuta mweupe, wala mtalii hata mmoja mwenye kamera. Kisha nikaliona bango la kituoni, limeandikwa kwa mzaha unaochezea majina ya nyimbo za Beatles, ile bendi ya roki ya Liverpool, likiwaeleza watu wa aina yetu kwamba wamepotea. Kituo hiki kiko mashariki ya jiji, karibu na West Ham, na kilifunguliwa 2011. Studio tuliyoitaka, ile walikorekodi Beatles, iko upande wa pili kabisa, St John's Wood. Yaani wanaopotea ni wengi mpaka wenye reli wameamua kutengeneza bango!

"Shemeji," nikamwambia, "umetuleta Abbey Road ya nani?"

Akacheka mwenyewe. Tukapanda tena hadi West Ham, tukashika njia ya Jubilee, ambayo inafika moja kwa moja. Safari ndefu ya chini ya ardhi, na mimi nikapata muda wa kuyapanga yale ya jana yake.

Jana yake tulikuwa Liverpool. Nilikuwa nimemwomba shemeji anipeleke Mathew Street, kwenye Cavern, chumba cha chini ya ardhi walikopigia Beatles mara karibu 300 kati ya 1961 na 1963. Chumba chenyewe cha zamani kilifungwa 1973 kikafukiwa. Hiki cha sasa kilijengwa 1984, kikichukua sehemu ya eneo lile lile na matofali mengi ya awali. Unashuka ngazi, unashuka tena, hewa inazidi kuwa nzito, halafu unajikuta chini ya matao ya matofali yaliyoinama kama migongo ya wazee. Jukwaa ni dogo. Kulikuwa na mtu na gitaa lake akiimba nyimbo ambazo kila aliyekuwemo alizijua, na wageni wakamsaidia kuimba kwa sauti mbovu na furaha nyingi.

Nilisimama pale nikijaribu kupima. Magitaa mawili, gitaa la besi, ngoma, waimbaji. Basi, chumba kimejaa. Ukitaka kuwaingiza wapiga chelo watatu, labda mpiga ngoma atoke nje. Muziki uliozaliwa humo ulikuwa wa kukaa humo: mfupi, mkali, wa kuchezwa na vijana waliotoka kazini saa ya chakula cha mchana wakijua watarudi kazini.

Na ndivyo walivyoingia London. Tarehe 11 Februari 1963 walirekodi nyimbo 10 kwa siku moja, kuanzia asubuhi hadi usiku, wakimaliza na "Twist and Shout", wimbo ambao ulimwachia John Lennon koo lililochanika. Walipiga studio kama walivyopiga Cavern. Iweke tarehe hiyo kichwani, nitairudia.

Treni ya Liverpool kwenda kituo cha Euston, London, inachukua saa mbili na dakika kadhaa. Nilikuwa nimepanga nyimbo kwa mpangilio wa miaka, nikampa shemeji upande mmoja wa spika za masikioni, mimi nikabaki na mwingine. Yeye si mtu wa roki. Alikubali kwa ajili ya heshima na kwa sababu simu yake ilikuwa imeisha chaji.

Tulipita nyimbo za 1963 na 1964 bila yeye kusema lolote. Tukafika Juni 1965, wimbo "Yesterday". Paul McCartney yuko peke yake na gitaa, wenzake hawamo, na baada ya siku tatu wanaongezwa watu wanne: violini mbili, viola moja, chelo moja. Wazo lilikuwa la George Martin, prodyuza wao. McCartney aliogopa wimbo usije ukawa wa kulialia kama muziki wa hotelini, akataka wapigaji wasitetemeshe nyuzi. Hapo ndipo ninapoona mbegu ya yote yaliyofuata, na si kwa sababu ya violini. Ni kwa sababu kijana asiyejua kusoma noti alimwambia mtu aliyesomea muziki na kupiga oboe, "Nataka hivi, sitaki vile," na yule aliyesoma akachukua kalamu akaandika.

Aprili 1966 walikwenda mbali zaidi. Safari hii, katika "Eleanor Rigby", ni watu wanane wa nyuzi: violini nne, viola mbili, chelo mbili. Hakuna gitaa. Hakuna ngoma. Hakuna Beatle yeyote aliyeshika chombo, waliimba tu. Fundi mitambo Geoff Emerick alisogeza maikrofoni karibu sana na nyuzi, hadi wapigaji wakawa wanarudisha viti nyuma kwa kukereka. Ndiyo maana sauti ile inakata. Sikio lililolelewa na fidla za taarab linategemea nyuzi zibembeleze, hizi zinachoma. Shemeji alitoa kile kispika sikioni, akakitazama, akakirudisha.

"Huyu marehemu anazikwa na nani?" akauliza. Kumbe alikuwa anasikiliza maneno muda wote.

Agosti 29 mwaka huo huo wakapiga onyesho lao la mwisho la kulipiwa, Candlestick Park, San Francisco. Kelele za mashabiki zilikuwa zimewazidi. Jukwaani hawakuweza kujisikia wenyewe. Wengi hulitaja jambo hili kama mwisho. Mimi nalichukulia kama ruhusa. Bendi inayozunguka haiwezi kuandika kitu isichoweza kukipiga kesho jioni mbele ya watu. Bendi isiyozunguka inaweza kuandika chochote.

Tukatoka kituo cha St John's Wood. Mtaa wa kitajiri, kimya, miti imepangwa vizuri, na ghafla umati. Zebra ile ile ya jalada la albamu yao, Abbey Road. Watu wanavuka wanne wanne, hatua ndefu, mmoja amevua viatu, na madereva wanapiga honi kwa uchovu wa miaka. Kuta za mbele ya studio zimejaa maandishi ya wageni kutoka kila pembe ya dunia. Hupakwa rangi upya kila mara, na maandishi yanarudi. Sisi tulivuka mara moja. Shemeji alitaka picha, nikampiga, mguu wake mmoja umekatika.

Ndani hawaruhusu wapita njia. Nilijua hivyo kabla ya kutoka nyumbani, lakini kujua hakupunguzi hamu. Tukaegemea ule ukuta, nikamwonyesha jengo. Kwa mbele ni nyumba ya kawaida ya wakubwa wa karne ya 19. Nyuma yake ndiko kulikojengwa kumbi za kurekodia, zilizofunguliwa Novemba 1931 na Edward Elgar akiongoza London Symphony Orchestra. Studio One ni ukumbi mkubwa wa kuingiza okestra nzima. Studio Two ni ndogo zaidi, na ndiyo iliyokuwa makao ya Beatles. Kwa hiyo, hizi dunia mbili zilikuwa tayari chini ya paa moja miaka yote, zimetenganishwa na korido.

Usiku wa tarehe 10 Februari 1967 waliivuka korido hiyo.

Walikuwa na wimbo, "A Day in the Life", wenye shimo katikati: vipimo 24 vya mdundo visivyo na kitu. Walipourekodi kwa mara ya kwanza mwezi Januari, msaidizi wao Mal Evans alisimama akihesabu kwa sauti, moja hadi ishirini na nne, na mwishoni akaliza saa ya kengele. Saa hiyo ilibaki kwenye wimbo, kwa kuwa kipande kinachofuata kinaanza na mtu anayeamka. Sasa, shimo lizibwe na nini? McCartney alitaka okestra ya watu 90. Martin akaona gharama, wakaelewana 40, kisha wakawarekodi mara kadhaa na kuzirundika sauti juu ya nyingine.

Kazi ilikuwa kuwaelekeza. Unamwandikiaje mpiga violini wa okestra kubwa kwamba afanye fujo? Martin aliandika mwanzoni noti ya chini kabisa ya kila chombo, mwishoni noti ya juu kabisa inayokubaliana na E, na katikati mstari wa kupanda uliopindapinda. Akawaambia kila mtu apande kwa mwendo wake, asimsikilize jirani. Hebu fikiria. Watu hawa wamefundishwa tangu utotoni kumsikiliza jirani! Waliombwa wavae suti za jioni, na wakagawiwa pua bandia na kofia za sherehe. Kiongozi wa violini alipiga akiwa amevaa kiganja cha sokwe. Wengine huona utoto mtupu katika hayo. Mimi nahisi lilikuwa jambo la hekima: mtu aliyevaa pua ya bandia haoni aibu tena kupiga vibaya kwa makusudi.

Siku 12 baadaye wakaongeza mlio wa mwisho, piano kadhaa zikigongwa kwa pamoja, kisha Emerick akaongeza sauti taratibu kadiri mlio ulivyofifia, mpaka ukadumu zaidi ya sekunde 40.

Na tarehe ile niliyosema uiweke? Februari 11, 1963: nyimbo 10 kwa siku. Februari 10, 1967: usiku mzima kwa ajili ya vipimo 24. Jengo lile lile, miaka minne kasoro siku moja. Pale ukutani ndipo nilipomsikilizisha shemeji wimbo wote. Hakusema kitu, ila alikunja uso kwenye ile sehemu ya kupanda, akaniuliza kama simu imeharibika.

Jioni tulikuwa na tiketi za Royal Albert Hall, viti vya juu kabisa, mahali ambapo jukwaa linaonekana kama sinia. Nilikuwa na deni langu humo. Septemba 24, 1969 bendi ya roki ya Deep Purple walipanda jukwaa hilo na Royal Philharmonic Orchestra, Malcolm Arnold akiongoza, kupiga kazi ya sehemu tatu aliyoitunga Jon Lord, mpiga kinanda wao. Noti zake zilipotea 1970, na ikabidi Mholanzi mmoja, Marco de Goeij, aziandike upya kwa kusikiliza rekodi, hadi kazi ikapigwa tena ukumbini humo humo 1999. Naipenda hadithi hiyo kuliko ninavyoupenda muziki wenyewe. Bendi na okestra pale hupeana zamu kama wapangaji wawili wa jiko moja. Na mwaka uliofuata Deep Purple waligeuka wakatoa albamu ya magitaa mazito kuliko yote waliyowahi kupiga. Pengine walihitaji kwenda kule ili wajue wao ni nani.

Darini zimening'inia sahani kubwa za duara, watu huziita uyoga. Ziliwekwa 1969 kuua mwangwi ulioutesa ukumbi huu tangu 1871. Nilikuwa namweleza shemeji hayo wakati wapigaji walipoanza kuingia mmoja mmoja na kukaa. Oboe ikatoa noti yake. Halafu wote wakaanza kupima vyombo, kila mtu na lake, huyu juu, yule chini, tarumbeta zikijaribu vipande, chelo zikikwaruza, ukumbi ukijaa mvurugo ule unaozidi kupanda.

Shemeji akanishika mkono.

"Shemeji," akanong'ona, macho kwenye sinia lile la taa, "si ndiyo ile ya ukutani?"