Siku Moja Kinamasini: Kuifuata Pumzi ya Maji

Saa 10:30 alfajiri

Simu inalia, nainyamazisha. Kazi yangu ni kupima afya ya ziwa na kinamasi chake. Vifaa nilivipanga jana usiku: suruali ya mpira inayofika kifuani, kipima oksijeni, chupa 24 zenye namba, penseli tatu. Wadudu wa majini tunawahifadhi kwenye spiriti ya asilimia 70, na spiriti hufuta wino wa kalamu lakini haigusi penseli. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilifungua sanduku la sampuli nikakuta chupa 16 na ndani yake karatasi 16 nyeupe pe. Sikuweza kujua ipi ilitoka wapi. Kazi ya msimu mzima wa mvua ilipotea hivyo.

Saa 11:40 alfajiri

Mtumbwi unaingia polepole katikati ya matete. Anayepiga kasia ni mzee aliyevua samaki hapa tangu kabla sijazaliwa. Nazamisha kipima, nasubiri namba itulie: miligramu 1.8 za oksijeni kwa lita. Tunasogea hadi maji ya wazi, si mbali hata kidogo, nazamisha tena: 3.9. Maji ni ya nyuzi 22, na kwa joto hilo yangekuwa yamejaa hewa yangesoma karibu 8.7.

Usiku mwani, vile vimea vidogo vinavyoyafanya maji kuwa kijani, na mimea mingine ya majini haitengenezi oksijeni, kwa kuwa hakuna mwanga. Lakini kila kiumbe kinaendelea kupumua: samaki, konokono, bakteria wa kwenye tope, na hiyo mimea yenyewe. Akiba inaliwa usiku kucha, na hiki kipindi kabla jua halijachomoza ndicho cha njaa kali zaidi.

Mzee ndiye aliyenifundisha kuja saa hizi. Zamani nilikuwa napima kila wiki saa 4 asubuhi, muda wa ofisi. Kwa miezi sita namba zilikuwa nzuri, nikaandika ripoti kwamba ziwa lina afya. Wiki tatu baadaye samaki walielea kwa mamia. Nilikwenda ufukweni nikiwa sina la kusema, mzee akaniambia, "Mwanangu, wewe unawapima samaki wakiwa wameshapona. Njoo alfajiri uwaone wanavyopanda juu kuhema." Nilikwenda. Midomo midogo ilikuwa imetoboa uso wa maji kila upande, inafunguka na kufunga. Nilikuwa nimesoma juu ya jambo hilo chuoni, nikalijibia mtihani, na bado sikulijua mpaka siku ile.

Saa 1:10 asubuhi

Jua limetoka. Nashusha sahani ya Secchi, duara la sentimita 20 lililopakwa rangi nyeusi na nyeupe kwa robo. Padri Angelo Secchi, mwanaastronomia wa Italia, alishusha sahani yake katika bahari ya Mediterania mwaka 1865, na mpaka leo hatujapata njia rahisi zaidi ya kujua mwanga unafika wapi. Leo inapotea kwenye sentimita 70. Mwezi uliopita ilipotea kwenye 95. Mwani umeongezeka.

Kisha wavu. Nasimama kwenye maji ya magotini, nakoroga tope kwa miguu, naupitisha wavu nyuma yake, namwaga kilichomo kwenye trei nyeupe. Hapa huwa nasahau saa. Mwanzoni unaona uchafu tu, halafu uchafu unaanza kutembea. Kereng'ende mchanga, mnene na mwenye macho makubwa. Ruba wawili. Konokono wadogo kama punje ya mtama. Na lava, yaani watoto, wa visubi, wengi, wekundu kama damu. Wekundu huo ni himoglobini, ndugu ya ile inayobeba oksijeni kwenye damu yetu, nao huitumia kunasa oksijeni kidogo iliyopo kwenye tope zito. Wale lava wenye mikia mitatu, ambao wakiota mabawa huishi saa au siku chache tu, hawavumilii maji yenye hewa haba. Nimewatafuta kwa dakika 20. Nimempata mmoja.

Kipima kinanieleza maji yakoje sasa hivi, lakini wadudu hawa wameishi humo wiki na miezi. Nikilazimika kuacha kimoja nyumbani, nitaacha kipima.

Saa 3:00 asubuhi

Tope. Nasukuma bomba chini karibu na mizizi ya matete na kulitoa taratibu lisivunjike. Juu ni kahawia, chini ni jeusi lenye harufu ya yai bovu, yaani salfidi ya hidrojeni. Ndani ya lile jeusi kuna mistari ya rangi ya kutu inayofuata kila mzizi. Shina la tete lina matundu ndani na hupitisha hewa hadi chini, kisha kidogo huvuja kwenye mizizi na kutengeneza kijia chembamba chenye oksijeni. Pale hewa na ukosefu wa hewa vinapopakana ndipo kinamasi kinaposafisha maji: bakteria wa upande mmoja hugeuza amonia kuwa naitreti, wa upande wa pili huigeuza naitreti kuwa gesi ya naitrojeni ikarudi angani. Mbolea iliyotiririka kutoka mashambani inaishia hapo. Kila nikikata bomba hilo kwa urefu huwa namwita aliye karibu aje aone.

Saa 5:30 asubuhi

Maabara. Nahakiki kipima kwa njia ya mkemia Lajos Winkler wa Hungaria, ya mwaka 1888. Chupa za alfajiri tulizitia dawa pale pale mtumbwini: kama kuna oksijeni mashapo hugeuka kahawia, kama hakuna hubaki meupe. Sasa natia asidi, kisha nadondosha dawa ya thiosalfeti tone kwa tone hadi buluu ya wanga na iodini itoweke. Napata 1.9, kipima kilisema 1.8. Kinafaa.

Mwanafunzi wangu anachuja maji kupima klorofili, rangi ya kijani inayoonyesha wingi wa mwani. Ananiuliza, "Mwalimu, kwa nini tunahangaika hivi na fosforasi ya mbolea?" Namsimulia jaribio la David Schindler na wenzake huko Ontario, Kanada, mwaka 1973. Waligawa Ziwa 226 kwa pazia. Upande mmoja wakatia kaboni na naitrojeni, upande wa pili wakatia hivyo hivyo pamoja na fosforasi. Upande wenye fosforasi ukawa kijani, ule mwingine haukubadilika. Picha iliyopigwa kutoka angani iko ukutani kwetu.

Saa 8:00 mchana

Nimerudi mahali pale pa maji ya wazi. Oksijeni: 11.4. Kwa nyuzi 27 maji yangeshika karibu 8, kwa hiyo yamezidi kipimo, na mwani unaendelea kutoa. pH, kipimo cha uasidi ambacho hupanda uasidi ukipungua, imetoka 6.9 hadi 8.9 kwa sababu mwani umeinyonya kaboni dayoksaidi. Hapo kuna hatari nyingine: pH ikipanda, amonia iliyomo huhamia umbo linalowadhuru samaki. Mgeni akipima saa hii atalisifu ziwa. Mimi naona ziwa linalobembea kupita kiasi, na kila likipanda juu hivi mchana ndivyo linavyoanguka chini alfajiri.

Saa 10:00 jioni

Kikao kuhusu mpango wa kuchimba mitaro na kukausha upande wa mashariki. Mmoja anasema ni ardhi iliyokaa bure. Naweka bomba la tope mezani. Nawaeleza kwamba tope hili limehifadhi mimea ya miaka mingi kwa sababu halina hewa. Ukilikausha, oksijeni inaingia, mimea inaoza, kaboni inapanda angani na ardhi yenyewe inadidimia. Ardhi za mboji za namna hii ni kama asilimia 3 tu ya nchi kavu duniani, nazo zina kaboni nyingi kuliko mimea ya misitu yote. Nawaonyesha pia 3.9 na 11.4 za maji ya wazi siku hiyo hiyo, na kuwauliza ziwa litapumua vipi mbolea ikija moja kwa moja bila matete ya kuipokea. Wameahirisha uamuzi kwa mwezi mmoja. Nimeomba waje alfajiri moja kabla ya kikao kijacho. Wawili wamekubali.

Saa 12:20 jioni

Mzee amenisubiri. Tunafunga kwenye nguzo kifaa kitakachorekodi kila dakika 10 hadi asubuhi. Nafuta ute kwenye kitambuzi, nakagua betri, nakaza fundo. Kwenye maji ya wazi ni 9.7. Jua limeshagusa matete.

Nikiwa bado na kamba mkononi, namba imebadilika: 9.6.