Ijumaa yangu na mabinti wa chialidingi

Saa 12 asubuhi nishafungua kachumba kangu pembeni ya jimu, shule moja ya sekondari hapa Houston. Barafu, plasta, bandeji, kitanda kimoja. Kazi yangu ni kuwahudumia wanafunzi wanamichezo wakiumia, kabla ya daktari. Foleni ya kwanza leo ni wachialida, wale mabinti wanaoshangilia timu kwa kubebana na kurushana hewani, huyu kifundo cha mguu, huyu kiwiko, huyu bega, nawafunga mmoja mmoja na huku Marekani bado watu wanabishana eti ule ni mchezo au ni kushangilia tu.

Saa 4 hadi saa 8 ni makaratasi na vijana wa futiboli ya kimarekani.

Saa 9 alasiri mazoezi. Jimu iko na voliboli, kwa hiyo mabinti wako koridoni, kwenye vigae, jamani vigae! Besi wawili, yaani wabebaji wa chini, wanashika miguu ya flaya, yule anayerushwa, mmoja anasimama nyuma, flaya anarushwa juu. Leo flaya kapinda hewani, wamemdaka vizuri tu ila kiwiko chake kimempiga besi mmoja kwenye paji la uso. Watu wanamuogopea anayerushwa, kumbe hawa wanaodaka ndio wanakula viwiko na visigino kichwani kila wiki, na mara nyingi ni mazoezini, siyo siku ya mashindano.

Nimemkalisha. Taa inamuumiza macho, kichwa kinagonga, akisimama mguu mmoja anayumba. Mtikisiko wa ubongo huo, leo hachezi tena na kesho pia hachezi, na amelia sana maskini.

Nilivyokuwa naandika ripoti nikakumbuka ile kesi ya Chuo Kikuu cha Quinnipiac, 2010, jaji kule Connecticut akasema chialidingi ya mashindano haijajipanga vya kutosha kuhesabiwa kama mchezo wa chuo. Miaka miwili baadaye madaktari wa watoto wa Marekani wakasema itambuliwe kuwa mchezo, na wakasema wazi msiwarushe watoto kwenye sakafu ngumu. 2021 hata Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ikalitambua shirikisho lao la dunia. Kwangu mimi hilo neno mchezo lina maana moja kubwa: ukiitwa mchezo unapewa jimu, unapewa mikeka, unapewa mtu kama mimi wa kusimama pale. Usipoitwa unapewa koridoni.

Saa 10 na nusu nampigia mama yake, ni Mkongo wa Bukavu, tunaelewana Kiswahili. "Lakini dada, ule mutoto anachezaka tu, anapigaka makelele ya kusaidia mupira, kichwa kimeumia namna gani?" Nikamwambia mama, mwanao anabeba mtu mzima mabegani. Akanyamaza muda mrefu, hakuwahi kuona mazoezi yao, anafanya kazi zamu ya usiku.

Saa 1 usiku mechi, taa zimewaka, uwanja umejaa, wachialida wako pembeni wanatabasamu na plasta zangu na pale katikati kuna pengo la mtu mmoja.

Saa 4 na robo usiku, niko kwenye gari, ujumbe wa sauti wa mama unaingia. Mtoto kalala, hajatapika. Halafu anauliza: "Kule wanafanyiaka, kuko magodoro chini?"

Nimemjibu ukweli. Jumatatu naenda na futi kupima ile koridoni, niandike barua ya mikeka ikiwa na vipimo kabisa.