Jezi namba 6

Nipe soksi za mchezaji nikuambie alicheza wapi. Zikitoka uwanja wa Camp Toyoyo hapa Jericho, Nairobi, zimejaa vipunje vyeusi vya mpira, vile vinavyomwagwa kwenye nyasi bandia. Vinajificha kwenye kona ya vidole, na usipogeuza soksi nje ndani kabla ya kuloweka, vinakaa humo wiki nzima, halafu beki anakuja kukuonyesha lengelenge kana kwamba wewe ndiye uliyemchezea rafu. Zikitoka viwanja vya udongo mwekundu, maji ya kwanza yanatoka kama chai ya rangi, ya pili vilevile, ya tatu unanyoosha mikono. Timu yetu ilianza msimu wa 2023/24 na soksi nyeupe. Aliyechagua nyeupe hajawahi kujitokeza.

Mimi ni fundi wa nguo. Kibanda changu hakiko mbali na barabara ya Jogoo. Msimu ukikaribia kuanza, kijana mmoja aliniletea gunia la jezi za bluu, akaniuliza kama naweza kuziba matobo kabla ya Jumamosi. Nikaziba. Uzi wa bluu ukaniishia kwenye namba 6, kwapa la kushoto, nikamalizia na wa kijani nikijiambia hakuna atakayechungulia kwapa la mtu. Jumamosi kijana akaniomba nizibebe mwenyewe hadi uwanjani kwa sababu yeye alikuwa na zamu kazini. Ndivyo nilivyokuwa mtunza jezi wa timu ya Supa Ligi. Barua ya kazi hakuna, mshahara hakuna, posho ipo "pesa zikiingia". Wachezaji wakaanza kuniita Mathe, yaani mama, ingawa kipa wetu nimempita miaka minne tu. Timu siitaji jina. Baadhi ya viongozi wake bado wananiletea suruali nifupishe.

Kwa wasioijua, Supa Ligi iko ngazi moja chini ya Ligi Kuu ya soka ya Kenya. Wawili wa juu wanapanda, wa tatu anacheza mchujo na timu iliyoponea chupuchupu huko juu. Msimu uliotangulia, Shabana ya Kisii ilipanda pamoja na Murang'a Seal, na Shabana ilikuwa nje ya Ligi Kuu tangu 2006. Wakicheza Nairobi ulikuwa unawasikia mashabiki wao wakipaza "Tore Bobe!" kabla hujaona lango la uwanja. Walipoondoka, kelele ziliondoka nao. Sisi siku nyingi tulicheza mbele ya watu ambao ningeweza kuwapima nguo wote kabla ya mapumziko.

Lakini walitushukia wazito wengine, Mathare United, mabingwa wa Kenya wa 2008. Timu ile ilizaliwa na MYSA, chama cha vijana wa Mathare kilichoanza 1987, na ukikulia kwenye ligi zao unajua kwamba pointi haziji kwa mabao peke yake. Timu ikitoka kuzoa taka mtaani, nayo inaandikiwa pointi. Nilimwambia kocha wetu kwamba kama Supa Ligi ingehesabu pointi za kufua, tungekuwa tumepanda kufikia Krismasi. Hakucheka. Alikuwa ametoka kufungwa.

Sasa ambulensi. Mechi haianzi bila ambulensi uwanjani, na mwenyeji ndiye anayeileta. Ni sheria nzuri, sina ugomvi nayo. Nimeona kijana akizimia baada ya kugongana vichwa, na sitaki kuona tena. Tatizo ni kwamba ambulensi inakodiwa, na anayekodisha anataka pesa mkononi. Jumapili moja ya Novemba tulikuwa wenyeji. Wachezaji wamevaa, wamepasha misuli moto, mama wa mayai amefika na ndoo yake, wageni wamepanga mstari. Gari halipo. Dereva alisema kwenye simu kwamba yuko njiani, halafu kwamba yuko kwenye foleni, halafu simu ikazimwa. Meneja alizunguka uwanja mzima, mwishowe akafika kwangu.

"Mathe, huna namba ya mtu yeyote mwenye ambulensi?"

Nilikuwa na namba ya mteja wangu mmoja anayeendesha gari la kubeba maiti. Nikanyamaza.

Muda wa kusubiri ulipokwisha, refa akafunga daftari, na pointi tatu zikaondoka na wageni ambao hata jasho halikuwatoka. Vijana walibaki wamekaa katikati ya uwanja na jezi zao kavu. Winga wetu alikuwa ameomba ruhusa kazini, mjengo wa Embakasi, akakatwa malipo ya siku nzima ili acheze mechi ambayo haikuwepo. Hiyo ndiyo wiki pekee ambayo sikufua.

Watu wakisoma jedwali wanadhani pointi zote zinapotelea mguuni. Mimi ukinionyesha jedwali la msimu ule nakuwekea kidole: hizi ziliondoka na ambulensi, hizi mbili ziliondoka na basi.

Basi lenyewe lilikuwa la Migori. Hatukuwa na pesa za kulala, kwa hiyo tulitoka Nairobi usiku, tukapita Narok, Bomet, Kisii, wachezaji warefu wamekunja miguu kama viti vya harusi, mimi nimelaza miguu juu ya begi la jezi ili lisitembee. Tulipaswa kufika asubuhi. Basi liliharibika baada ya Narok, tukakaa kwenye baridi tukigawana chapati na mayai ya kuchemsha, tukafika saa sita na robo mchana. Mechi ilikuwa saa tisa. Tulikuwa tunaongoza hadi dakika za mwisho, kisha miguu ikaisha kabisa, unaona kabisa imeisha, beki anamtazama mtu akimpita kama anayetazama matatu iliyojaa. Sare ya 1-1. Usiku huohuo tukapanda basi kurudi, na vijana wengine walishuka alfajiri wakielekea kazini moja kwa moja.

Nilipofungua begi nyumbani nikahesabu jezi 21. Nikahesabu tena. Namba 6 haipo.

Mwenye namba 6 alikuwa kiungo mpole, wa kusalimia kwa mikono miwili. Mazoezini hakuonekana tena. Meneja akasema jezi itakatwa kwenye posho yangu, nikamuuliza, posho ipi? Nikaenda soko la Gikomba nikatafuta fulana ya bluu inayokaribiana, nikaishonea namba. Ilikaribiana usiku. Mchana, kamishna wa mechi aliitazama mara mbili, akanitazama mimi, akaendelea na orodha yake. Mungu ambariki.

Aprili ikaja na mvua ile ya 2024. Mto ulipanda Mathare, wachezaji wetu wawili wakapoteza godoro na kila kitu, na baada ya maafa ya mafuriko ya Mai Mahiu hakuna aliyekuwa na moyo wa kuzungumzia safari. Kwangu hakuna kilichokauka. Nilipiga soksi pasi moja moja, nyumba ikanuka maandazi yaliyoungua. Mara mbili vijana walivaa jezi mbichi, na hakuna aliyelalamika, jambo lililonitia huzuni kuliko malalamiko.

Mara Sugar na Mathare United wakapanda. Sisi hatukushuka, na siwezi kusema zaidi ya hapo.

Nilirudi kwenye cherehani yangu. Juni 2025, Nairobi United, timu ya daraja letu lilelile, ilimfunga Gor Mahia 2-1 kwenye fainali ya kombe la Kenya, tena msimu huohuo ikapanda Ligi Kuu, na Oktoba ikaitoa Étoile du Sahel ya Tunisia kwenye Kombe la Shirikisho la Afrika. Niliangalia kwenye runinga ya kinyozi jirani. Wote walikuwa wanatazama mpira, mimi natazama soksi. Zilikuwa safi sana.

Wiki iliyopita nilichelewa kupeleka gauni la mteja Buruburu, nikasimamisha boda boda pale kituoni. Mwendeshaji alikuwa na koti la kuakisi mwanga, ndani yake jezi ya bluu iliyopauka. Alipoinua mkono wa kushoto kunipa kofia ya chuma, nikaona kwapani mshono wa kijani.

Tukatazamana kidogo.

"Mathe," akasema, "shikilia vizuri, kuna matuta."

Sikumuuliza kitu njia nzima. Mshono ulikuwa umekaza, hata uzi mmoja haujaachia. Tulipofika nikatoa pesa, nikidhani atakataa kuzipokea. Alinitoza shilingi mia, bei ya kawaida.